Volti, Nguvu na "Umeme Mdogo": Historia Fupi ya Maneno ya Fundi wa Kompyuta

Kiwalani ni kata ya Dar es Salaam iliyo jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, si mbali na viwanda vilivyopangana kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo wazee hata leo huiita Barabara ya Pugu. Kama zilivyo kata nyingine za pembezoni mwa jiji, haikosi vibanda vya mafundi wa redio, simu na kompyuta. Mtu akipeleka huko kompyuta ya mezani inayojizima kila baada ya muda mfupi, au inayozungusha feni lakini haionyeshi kitu katika kioo, jibu analoelekea kulipata hata kabla sanduku halijafunguliwa ni la maneno mawili: umeme mdogo. Maneno hayo ni Kiswahili safi, hayana hata chembe ya ugeni, na kila mtu anayaelewa. Taabu ni kwamba yanaeleweka kwa maana tatu, na kila maana ina dawa yake na gharama yake.

Maana ya kwanza ni kuwa umeme unaofika nyumbani umepungua. Badala ya volti 230 zinafika, tuseme, 180. Maana ya pili ni kuwa umeme wa nyumbani ni mzuri, ila kile kisanduku cha bati kinachoulisha ubao wa kompyuta, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, kinatoa volti 10.9 mahali kilipopaswa kutoa 12. Maana ya tatu ni kuwa volti zote ziko sawa, lakini kisanduku hakina uwezo wa kubeba vyombo vyote vilivyofungwa humo. Mgonjwa wa kwanza huambiwa anunue stebilaiza. Wa pili angehitaji kapasita chache zibadilishwe, au pawa saplai nyingine. Wa tatu angehitaji kisanduku chenye uwezo mkubwa zaidi. Basi mwenye ugonjwa wa pili akipewa dawa ya wa kwanza hutumia fedha yake bure, na kompyuta huendelea kujizima palepale mbele ya stebilaiza mpya. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi lugha yetu ilivyofika hapo. Halikuwa jambo la bahati mbaya tu. Lina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita katika kamati za istilahi zenyewe.

Neno umeme ni la zamani kuliko waya. Katika kamusi za Kiswahili za karne ya 19 maana yake ni ule mwako wa ghafla wa mbinguni wakati wa mvua, unaofuatwa na ngurumo. Umeme wa waya ulipofika pwani haukuazimiwa jina kutoka mbali. Ulipewa jina lililokuwapo. Zanzibar ilitangulia: jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, hutajwa kuwa la kwanza mjini humo kuwashwa taa za umeme. Dar es Salaam ilipata umeme mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walikoishi wakoloni. Mwaka 1931 serikali ya Kiingereza iliiacha kazi hiyo mikononi mwa makampuni mawili ya binafsi, moja la Dar es Salaam na wilaya yake na jingine la sehemu nyingine za nchi. Baada ya Uhuru makampuni hayo yalikuja kuwa kitu kimoja, na tangu mwaka 1968 jina lililobaki ni TANESCO. Ndugu zetu wa Kenya walipita njia nyingine; wengi wao husema stima, neno ambalo hapo kwanza lilikuwa la meli ya moshi. Njia zote mbili ni halali, ingawa hatufichi kwamba twaona yetu ina ladha zaidi.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Neno umeme lilizaliwa likiwa jina la jambo linaloonekana kwa macho: limewaka au halikuwaka. Lugha ya nyumbani ikajengwa juu ya msingi huo: umeme upo, umeme umekatika, umeme umerudi. Watu walipoona taa zikiwaka kwa unyonge saa za jioni, hasa katika nyumba zilizo mbali na transfoma, wakaongeza vivumishi viwili, yaani mdogo na mkubwa. Hivi ni vivumishi vya mtu anayetazama balbu, na kwa balbu ya kizamani vinatosha kabisa, maana mwanga wake hupungua kadiri volti zinavyopungua. Jicho ni kipimio cha kuaminika kiasi. Kompyuta si balbu, nasi tutaonyesha hapa chini kwa nini.

Upande wa vitabu ulikuwa na safari yake. Mwaka 1881 wataalamu wa umeme wa mataifa mbalimbali walikutana Paris wakakubaliana juu ya vizio, na vizio hivyo wakavipa majina ya watu: volti kutokana na Alessandro Volta, Mwitalia aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800, ampea kutokana na André-Marie Ampère wa Ufaransa, omu kutokana na Georg Ohm wa Ujerumani. Majina ya namna hii hayaleti ugomvi mkubwa katika lugha yoyote, kwa sababu si mali ya lugha yoyote. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na kazi ya istilahi za sayansi ikawa pia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ugumu waliokutana nao haukuwa katika majina ya vizio bali katika majina ya vile vinavyopimwa kwa vizio hivyo.

Hapo kazi nzuri ilifanyika, na msomaji asiyejua Fizikia aweza kuionja. Mkondo ni neno la mto na bahari. Anayelisikia likitumiwa kwa umeme upitao katika waya hahitaji kuelezwa mara mbili. Ukinzani watoka katika kukinza, na ndivyo waya mwembamba unavyofanya. Chanya na hasi zimekaa vizuri hata zikavuka kutoka vitabu vya Hesabu zikaingia katika siasa. Lakini kwa kile kinachopimwa kwa volti tulipata volteji, ambalo ni jina la mkopo lisilojieleza, na katika kulieleza waandishi wengi walikimbilia maneno nguvu ya umeme. Maelezo hayohayo ndiyo yanayotolewa kwa wati. Mwalimu akiulizwa volti ni nini atajibu kuwa ni kipimo cha nguvu ya umeme. Akiulizwa wati, atajibu vilevile. Na mwanafunzi mwenye akili atauliza mbona mambo mawili yana jibu moja.

Si mambo yanayofanana. Tukichukua mfano wa bomba la maji, volti ni msukumo ulio nyuma ya maji, ampea ni wingi wa maji yanayopita, na wati ni kazi inayoweza kufanywa na viwili hivyo vikichanganywa: volti 12 zikisukuma ampea 10 zatoa wati 120. Zaidi ya hayo, volti sikuzote ni tofauti kati ya sehemu mbili. Hakuna volti za sehemu moja, kama vile hakuna umbali wa mji mmoja. Neno nguvu halibebi maana hiyo hata kidogo. Nguvu hukaa ndani ya kitu, haihitaji mwenzake wa kulinganishwa naye. Kwa maoni yetu, hapa ndipo mfasiri anapojikwaa zaidi kuliko mahali pengine popote katika elimu ya umeme.

Kasoro kama hiyo kwa kawaida hurekebishwa darasani. Walimu hulitumia neno, wanafunzi huuliza, toleo la pili la kitabu husahihisha. Lakini istilahi hizi zilitengenezwa kwa darasa ambalo halikufunguliwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia shule za sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ilipotoka mwaka 1990 ilimkuta mwalimu wa Fizikia akifundisha kwa Kiingereza, na mwanafunzi akijibu mtihani kwa Kiingereza. Hivyo maneno yale yalibaki rafuni, hayakupata kusuguliwa na watumiaji. Wakati huo huko mitaani umeme ulikuwa haungoji kamati.

Mitaani mwalimu wa kwanza alikuwa redio. Kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilianzisha kiwanda jijini Dar es Salaam mwaka 1966, kikatengeneza redio na betri, na redio za National zikaenea hadi vijijini. Palipo na redio pana fundi redio. Yeye ndiye aliyezoeza masikio yetu kusikia kapasita, transista, fyuzi na shoti, na ndiye aliyetumia mita kabla ya watu wengine wa kawaida. Kompyuta ilichelewa. Ya kwanza ya Serikali ilifika mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Baada ya matatizo ya kuweka mahesabu ya Serikali katika mashine hizo, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake ulipigwa marufuku. Marufuku hiyo ililegezwa katika miaka ya 1980. Televisheni nayo ilianza kutangaza Tanzania Bara mwaka 1994 tu, ilhali Zanzibar ilikuwa nayo zaidi ya miaka 20. Kwa hiyo kizazi kizima cha mafundi kiliruka kutoka redio ya betri hadi kompyuta ya mezani, tena aghalabu kompyuta iliyokwisha kutumiwa Ulaya au Marekani, bila ngazi za katikati na bila kitabu cha Kiswahili mkononi.

Walifanyaje? Walitumia rangi. Hili ni jambo ambalo sisi watu wa istilahi hatulitazami vya kutosha. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa mpango wa ujenzi wa kompyuta uitwao ATX, na humo kila waya utokao katika pawa saplai ulipewa rangi na kazi yake. Wa njano hutoa volti 12. Mwekundu, volti 5. Wa rangi ya chungwa, volti 3.3. Wa zambarau hutoa volti 5 wakati wote, hata kompyuta ikiwa imezimwa, mradi plagi imo ukutani. Wa buluu hutoa hasi 12. Wa kijani ndio unaoamrisha kisanduku kiwake: ukiunganishwa na mweusi, feni huzunguka. Wa kijivu hutoa taarifa kwa ubao kwamba umeme umekaa sawa, nao hufanya hivyo baada ya sehemu ndogo ya sekunde, kati ya 0.1 na 0.5. Mweusi ni wa chini, nao ndio wa kulinganishia wengine wote.

Fundi akisema "njano kwa nyeusi inasoma kumi na moja", amekwisha kutaja sehemu mbili na tofauti iliyo kati yake. Ametoa maana ya volti kwa usahihi zaidi kuliko kitabu kinachosema nguvu ya umeme. Hata kabla ya ATX, katika kompyuta za aina ya zamani ambazo plagi zake mbili za ubao ziliweza kuchomekwa kinyume na kuuunguza, kanuni yao ilikuwa ya rangi: nyeusi ikae na nyeusi katikati. Twakiri rangi si istilahi ya kutegemewa daima. Kampuni moja kubwa ya Marekani iliwahi kutumia rangi na plagi zilezile kwa mpangilio wake yenyewe, na aliyefuata mazoea aliharibu ubao. Hata hivyo kwa mashine nyingi zilizoingia nchini rangi zilifanya kazi ambayo maneno hayakuifanya.

Sasa tuichukue ile volti 10.9 tuifuate hatua kwa hatua, maana humo ndimo maneno yanapopimwa.

Mipaka inayokubalika ya volti 12 katika mpango wa ATX ni asilimia 5 juu na chini, yaani kutoka 11.4 hadi 12.6. Kwa volti 5 ni kutoka 4.75 hadi 5.25, kwa 3.3 ni kutoka 3.14 hadi 3.47, hasi 12 peke yake imeachiwa asilimia 10. Volti 10.9 basi iko nje. Mfasiri anayetaka kuandika jambo hili kwa Kiswahili ataandika nini? Wengi wangeandika "kipimo si cha kawaida". Tulitazame neno kipimo. Mita ni kipimo; volti ni kipimo; na 10.9 nayo ni kipimo. Chombo, kizio na jibu vyote vimekaa katika neno moja. Anayesoma kwamba kipimo kina kasoro hajui kama anaambiwa anunue mita nyingine au atengeneze kisanduku.

Na swali hilo si la wanazuoni tu. Mita ya tarakimu ambayo betri yake imechoka aghalabu huonyesha namba kubwa kuliko kweli. Fundi akiona 13.4 kwenye njano, 5.6 kwenye nyekundu na 3.7 kwenye rangi ya chungwa, asiharakishe kulaumu pawa saplai: zote zimezidi kwa uwiano uleule, kama asilimia 12, na ni vigumu nyaya tatu ziugue ugonjwa mmoja kwa kiasi kimoja. Abadilishe kwanza betri ya mita. Kasoro ya kweli ya kisanduku aghalabu hugusa waya mmoja zaidi ya wengine. Hapa Kiswahili kinahitaji maneno matatu, na kwa bahati yote tunayo: kipimio kwa chombo, kizio kwa volti, na kwa ile namba inayoonekana twapendelea usomaji. Neno hili lina historia ya kuchekesha kidogo. Zamani wasoma mita walikuwa watu waliopita nyumba kwa nyumba. Mtu ndiye aliyesoma na mita ndiyo iliyosomwa. Mafundi wameligeuza, sasa mita ndiyo inayosoma. Wapo watakaolalamika. Sisi hatuoni sababu, maana sentensi "mita inasoma 10.9" haimpotezi mtu yeyote.

Tuseme mita ni nzima. Hatua ya pili ni mzigo. Pawa saplai ikichomolewa kutoka kwenye ubao, ikawashwa kwa kuunganisha kijani na nyeusi, njano yaweza kusoma 12.1 na kila kitu kikaonekana kizuri. Ikirudishwa mahali pake, ikabeba ubao, feni na diski, usomaji washuka hadi 10.9. Na kinyume chake hutokea: visanduku vingine vya zamani, visipobebeshwa kitu, hutoa namba za ajabu ingawa ni vizima. Kwa hiyo usomaji usiotaja mzigo haujakamilika. Neno mzigo, ambalo mafundi walilitumia bila kumwuliza mtu, ni neno la bandarini na sokoni lililoingia katika umeme bila kupoteza maana yake. Hatuoni la kulishinda.

Ni katika hatua hii fundi husema maneno ambayo twapenda wafasiri wayasikilize: umeme upo lakini hauna nguvu. Kwa masikio ya kitabu ni mkanganyiko, kwa kuwa kitabu kimesema volti ndizo nguvu, na volti zilikuwapo. Lakini fundi amenena sawasawa. Umeme upo, yaani tofauti ya volti 12 inaonekana pasipo mzigo. Hauna nguvu, yaani ukidaiwa ampea hauwezi kuzitoa bila tofauti hiyo kuanguka. Amezitenga volti na wati kwa lugha ya kawaida, jambo ambalo nguvu ya umeme ya vitabuni haikufaulu. Twapendekeza nguvu iachiwe wati peke yake. Volti ielezwe kwa msukumo, au kwa tofauti, wala isielezwe kamwe kwa nguvu.

Sababu ya kuanguka huko mara nyingi ni kapasita za kuchuja zilizozeeka. Hizo ni vikopo vidogo vya alumini, na kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na katikati ya miaka ya 2000 dunia nzima ilipata nyingi zilizotengenezwa vibaya, zikavimba vichwa na kuvuja. Fundi huzitambua kwa jicho. Asichokiona kwa jicho wala kwa mita yake ya kawaida ni yale mawimbi madogo yanayobaki juu ya mkondo mnyoofu baada ya mkondo geu wa ukutani kubadilishwa. Kiwango chake cha juu kwa volti 12 ni milivolti 120, na kwa volti 5 ni milivolti 50. Mafundi husema umeme unacheza. Maneno hayo ni mazuri, ila hutumika pia kwa taa inayopepesa kwa sababu nyingine kabisa. Twaona viwimbi lingefaa. Ni udogo wa mawimbi tu, na kanuni ya udogo katika Kiswahili haihitaji mkalimani.

Turudi kwenye stebilaiza, kwa kuwa ndipo fedha za watu zinapopotelea. Kisanduku cha kompyuta hujirekebisha chenyewe. Umeme wa nyumbani ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, waya wa njano hubaki kwenye 12. Ukishuka mno, kisanduku aghalabu huzima kabisa, hakikai kikitoa 10.9 kwa siku nzima. Hivyo umeme mdogo wa ukutani na umeme mdogo wa waya wa njano si baba na mwana. Ni majirani waliofanana jina. Lugha imewafanya ndugu, na mteja akailipia lugha hiyo dukani. Kuna hatari nyingine ya aina hii. Nyuma ya visanduku vingi vya zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Aliyezoea kufikiri kwa mdogo na mkubwa aweza kuisogeza upande wa 115 akidhani kwamba anauchagulia umeme wake mdogo sehemu inayoufaa. Akiwasha, kisanduku hulipuka.

Kuhusu jina la kisanduku chenyewe tutasema kwa ufupi. Ugavi wa umeme ni jina la kazi, si la kifaa, na mtumishi wa Serikali akilisikia humkumbuka Ofisa Ugavi. Kwa mfano wa kipaza sauti na kinasa sauti ingewezekana kusema kigawa umeme, na hasa kwa sababu kifaa hiki huugawa umeme mmoja katika volti za namna namna. Lakini tangu ukame wa mwaka 1992, na tena mwaka 2006 na 2011, mgao katika masikio ya mkazi wa Dar es Salaam ni kukatiwa umeme, na kigawa umeme kitamfanya acheke. Pawa saplai imekwisha kuzoeleka na hatuoni haja ya kuifukuza. Yafaa tukumbuke kwamba wafasiri wa programu, waliofanya kazi kubwa tangu mwaka 2004 ilipotolewa programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoandaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walishughulikia maneno ya kwenye kioo: faili, hariri, hifadhi. Ndani ya sanduku hakuna aliyetumwa.

Limebaki neno moja ambalo twalitilia mkazo kuliko yote, nalo ni shoti. Kwa fundi shoti ni nyaya mbili zilizogusana pasipo mzigo kati yake. Kwa mtu wa kawaida shoti ni kupigwa na umeme mwilini. Katika taarifa za moto, waandishi wa ofisini wametafuta adabu wakaandika hitilafu ya umeme, neno lililo pana kiasi cha kuficha yote mawili pamoja na mengine kumi. Ndani ya pawa saplai tofauti hii ni ya uhai. Upande wa nyaya za rangi, shoti ya kwanza hutokea mara kwa mara, na kisanduku kizuri hujizima chenyewe; hakuna aumiaye. Upande wa pili, kwenye kapasita kubwa zinazopokea umeme wa ukutani, mna volti zinazofikia kama 325, na hizo zaweza kubaki humo baada ya plagi kuchomolewa. Kijana anayejifunza kibandani, akiambiwa kwamba pawa saplai "ina ulinzi wa shoti", anaweza kuelewa kwamba haitampiga. Katika orodha yoyote ya istilahi itakayotolewa, twaomba shoti ibaki kwa nyaya, na kwa mwili itumike kupigwa na umeme, hata kama ni maneno matatu mahali pa moja. Na lebo ya kisanduku ingeweza kuandikwa hivi: Usifungue, ndani mna volti 325 zinazoweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Lebo nyingi zilizoko madukani zina alama ya radi na onyo katika lugha kadhaa ambazo Kiswahili si mojawapo.